Mvuke Unapotoroka Tankini

Taa ya injini ikiwaka Kampala, dawa ya kwanza ni kutoa waya wa betri. Unatolewa, watu wanapiga soga kidogo, unarudishwa, taa imezima, mwenye gari analipa na kuondoka. Baada ya siku chache imerudi. Dawa ya pili, ambayo nimeikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda, ni kipande cha soletepu nyeusi kilichobandikwa juu ya taa yenyewe ndani ya dashibodi. Gari linalovujisha mvuke wa petroli huzivumilia dawa zote mbili, maana halisumbui dereva kwa lolote: nguvu ipo, moshi hakuna, kwenye mlima halikohoi. Ndiyo maana ugonjwa huu hupuuzwa.

Mimi siupuuzi, kwanza kwa sababu ya jinsi tunavyoishi. Uani mwetu gari hulala hatua chache kutoka kwenye sigiri ya makaa, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Pili, taa ikishazoeleka kuwa imewaka tu, siku koili inapoanza kufa au injini inapochemka hakuna atakayeshtuka.

Petroli haingoji injini iwashwe ndipo igeuke mvuke. Jua likiupiga mgongo wa gari, ndani ya tanki mvuke unajaa na kusukuma. Zamani ulitoka nje na kupotea. California ililazimisha magari mapya yaukamate kuanzia mwaka wa 1970, na Marekani nzima ikafuata 1971. Tangu hapo mvuke huenda kwenye kanista, kopo la plastiki lililojaa makaa maalumu yanayounyonya na kuushika. Injini ikipata moto, kompyuta hufungua valvu ya paji huku mbele na mvuke huvutwa ukachomwe pamoja na petroli nyingine, wakati hewa safi inaingia kwa nyuma kupitia valvu ya venti. Kwa magari mengi valvu ya paji isipopata umeme hukaa imefungwa, na ya venti isipopata umeme hukaa wazi. Fundi akilishika hilo moja, nusu ya evapu, mfumo huu wa kukamata mvuke, ameshaijua.

Mengi ya magari tunayoletewa kutoka Japani yana kanista na valvu ya paji, lakini hayajipimi uvujaji kama yale yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Hayo ya Japani yatakuambia kwa harufu tu. Ila mambo yanabadilika: tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, yanayofika yana vipimo vingi zaidi, na yapo pia ya mashirika na ya mabalozi yenye usukani wa kushoto, ambayo taa yake haikubali kubembelezwa.

Ukichomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, utapata kodi, yaani namba ya kosa. P0455 inasema uvujaji ni mkubwa, P0442 mdogo, P0456 mdogo sana, na P0457 inakuelekeza moja kwa moja kwenye kifuniko cha tanki. Huo "mdogo sana" ni tundu la nusu milimita. Magari ya mwanzo ya soko la Marekani yanayojipima hivi, kuanzia 1996, yalitakiwa kuliona tundu la milimita moja. Kompyuta imefunga mlango wa mbele na wa nyuma, ikapima mgandamizo, ikaona haushiki. Mahali penyewe haipajui. Kwa hiyo fundi anayesoma P0442 na papo hapo akatuma kijana soko la spea la Kisekka kununua kanista anacheza bahati nasibu kwa pesa ya mtu mwingine.

Kabla ya kufungua boneti siku hizi naanza na maswali, na simuulizi mwenye gari peke yake. Namtafuta anayeweka mafuta. Bosi atakuambia gari linatunzwa vizuri. Dereva ndiye anayejua kifuniko kilibaki juu ya pampu huko Masaka. Kuna gari lililoletwa likiwa na P0455, na mafundi wawili walikuwa wameshalibadilishia valvu. Nilifungua kile kimlango cha tanki. Ndani palikuwa na kitambaa cha kufutia vioo kilichoviringishwa, na juu yake kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki, imekazwa kwa raba ya kufungia pesa. Petroli ilikuwa imeilainisha kaveera mpaka inanata vidoleni.

"Dereva, hii nayo ni spea ya Toyota?"

"Fundi, usiseme kwa nguvu, bosi yuko pale."

Kifuniko kipya, cha saizi yake, kilitosha. Nasema cha saizi yake kwa sababu vile vya kulazimisha, vinavyozunguka bila kutoa ule mlio wa kra-kra, huwa havifungi, na vingine havina ile valvu ndogo ya kuruhusu hewa iingie tanki likijivuta. Hata kifuniko halisi kinafaa kutazamwa uso kwa uso: pitisha ukucha kwenye mpira wake mzima kuzunguka. Ukikwama kwenye ufa, umepata. Kisha pitisha kidole kwenye mdomo wa tanki wenyewe, maana kuna madereva wanaotia mpira wa kunyonyea mafuta humo kila wiki, na chuma cha mdomo kinakwaruzwa mpaka mpira haukai tena sawasawa. Swali hilo la kunyonya mafuta huulizwa faraghani. Nikimuuliza mtu mbele ya bosi wake nimejinyima jibu.

Swali jingine ni la kujaza. Pampu ikishakatika yenyewe, mafuta yamefika, lakini sisi tunapenda hesabu ya mviringo. "Ongeza ifike laki moja." Kijana wa pampu anakamua tena, anatikisa gari, anakamua. Anayekwenda Arua au Moroto, kaskazini mbali, ndiye mbaya zaidi, anataka petroli ionekane kwa macho mdomoni. Hiyo petroli ya ziada haina pa kwenda isipokuwa kwenye mpira wa mvuke, na kanista haikutengenezwa kunywa petroli ya majimaji. Makaa yakilowa yanapoteza uwezo wa kunyonya, na yakilowa mara kwa mara yanamomonyoka. Niliwahi kufungua valvu ya paji ya gari la mteja wa safari za kaskazini, nikaigonga kwenye kiganja: zikadondoka chembe nyeusi, ngumu, kama pilipili manga iliyopondwa. Chembe moja ikikaa kwenye mlango wa valvu, valvu haifungi tena. Hapo ukibadilisha valvu peke yake utaibadilisha tena, maana kanista bado inaitapikia chembe.

Valvu ya paji isiyofunga ina dalili yake ambayo haihitaji skana: gari linasumbua kuwaka mara tu baada ya kuweka mafuta. Ukilisukumiza tanki petroli, mvuke wote uliokuwemo unakimbilia mbele, unakuta mlango wazi, injini inakabwa. Madereva wengi wanalaumu kituo kwamba petroli ina maji. Mimi nauliza kama asubuhi gari linawaka vizuri na linasumbua kituoni tu. Akisema ndiyo, naacha injini ingurume taratibu bila kukanyagwa mafuta, nachomoa mpira unaotoka kanista kwenye valvu, naziba tundu kwa kidole. Injini ikiwa baridi, imewashwa tu, kompyuta bado haijaanza kuivuta, kwa hiyo nikihisi kidole kinanyonywa, valvu inavuja ndani kwa ndani. Na ukinunua ya mtumba Kisekka, ivishe kipande kidogo cha mpira safi na uipulize palepale dukani kabla ya kutoa pesa. Hewa ikipita, mrudishie.

Nyuma kuna venti, na venti yetu inaishi maisha magumu. Kwa magari mengi imefungwa chini, karibu na gurudumu la nyuma, mahali murram, changarawe nyekundu ya barabarani, inapopiga. Kiangazi inakula vumbi jekundu, masika inapigwa matope, matope yanakauka ndani ya kichujio chake. Ikizibwa na uchafu, tanki linashindwa kupumua: pampu ya kituo inakatikakatika wakati wa kujaza, na ukifungua kifuniko baada ya safari unasikia "fyuuu" ndefu. Ikikwama bila kufunga, kompyuta inaona uvujaji mkubwa ambao hutauona popote kwenye mipira, hata uitafute wiki. Wanyama nao wamo. Panya wanatafuna mipira laini juu ya tanki, na buibui wanapenda hilo bomba la venti: Mazda iliyaita yarudi kutengenezwa magari yake ya Mazda6 huko Marekani mwaka 2011, na tena 2014, kwa sababu buibui wa manjano walikuwa wakitanda utando ndani ya bomba hilo na kuziba hewa. Kwa hiyo mteja akiniambia natania nikimwonyesha nyumba ya nyigu kwenye venti, namsimulia hiyo.

Yote hayo ni ya macho, pua na kidole, na yanamaliza sehemu kubwa ya kazi. Yanayobaki yanahitaji moshi.

Mashine ya moshi ya dukani ni ghali kwa gereji ya mtaani, na mafundi wengi tumejitengenezea. Mkebe wa chuma wenye kifuniko kinachokaza, mafuta ya watoto ndani, plagi ya kupashia ya injini ya dizeli ikipewa umeme wa betri, mpira mmoja wa kuingiza hewa na mwingine wa kutoa moshi. Moshi si tatizo. Tatizo ni kinachousukuma. Nimeona watu wakichomeka kompresa ya kujazia matairi moja kwa moja, na hapo kuna makosa mawili kwa mpigo. Kompresa inatoa mgandamizo mkubwa mara mia kuliko tanki na mipira yake inavyostahili. Mfumo huu unapimwa kwa nusu psi (psi ni kile kipimo cha upepo wa tairi), na kupita psi moja ni kutafuta kuvunja kilichokuwa kizima. La pili ni baya zaidi: hewa ndani ya tanki lenye mvuke wa petroli, halafu karibu yake plagi inayowaka nyekundu, huo ni mchanganyiko wa kulipuka. Mimi natumia naitrojeni. Fundi wa friji na eyakondishena anayo silinda yake, na kwa chakula cha mchana anakuazima jioni nzima. Naitrojeni haiwashi wala haisaidii kitu kuwaka.

Kushusha mgandamizo mpaka nusu psi nilijifunza kwa mzee mmoja wa Arua aliyekuwa fundi wa maji kabla ya kuwa fundi wa magari, na ndiyo njia ninayowafundisha vijana. Chukua bomba la plastiki la maji, liwe refu kidogo kuliko mkono, ziba chini, lisimamishe. Tia maji. Kwenye mpira unaotoka kwenye silinda weka kiungo cha njia tatu: njia moja iende kwenye mkebe na gari, nyingine ishuke ndani ya bomba mpaka ncha yake iwe sentimita 35 chini ya uso wa maji. Fungua silinda kidogo sana. Gesi haiwezi kupata nguvu zaidi ya maji yaliyo juu ya ile ncha. Ikizidi inatoka kwa mapovu. Sentimita 35 za maji ni nusu psi, 70 ni kama psi moja. Hakuna geji ya kudanganya, na bomba likianza kuchemka mapovu unajua mfumo umejaa. Ukisikia mapovu hayaji kabisa huku gesi inaingia, kuna tundu kubwa mahali fulani.

Kisha ni lazima ufunge milango. Valvu ya paji imeshajifunga yenyewe kwa kuwa injini imezimwa. Venti unaipa umeme kwa skana, au kwa waya, au unaziba bomba lake kwa kizibo. Lakini usiizibe mwanzoni. Acha moshi upite mfumo mzima mpaka uuone unatoka kwenye venti, ndipo ufunge; vinginevyo moshi unakaa nusu njia umezuiwa na hewa iliyofungiwa, nawe unatangaza kwamba gari halivuji. Na moshi uingizwe kwa huku mbele, kwenye mpira wa paji au kwenye kile kitundu cha huduma chenye kofia ya kijani ambacho magari ya Marekani huwa nacho. Wanaouingiza kwenye mdomo wa tanki wanafanya kazi nzuri isipokuwa kwa kitu kimoja: kifuniko kiko mezani, hakijapimwa.

Mahali pa kufanyia ni kivulini, bila upepo, asubuhi kabla petroli haijapata joto. Petroli ya moto inatengeneza mgandamizo wake yenyewe na kukuficha. Tochi kali iwe mkononi, na uilaze, usiielekeze wima. Moshi mwembamba unaonekana ukipigwa mwanga kwa ubavu. Uvujaji wa nusu milimita hautoi wingu. Unatoa uzi.

Gari moja lilinifundisha kutotazama chini tu. Tulikuwa watu watatu, mmoja yuko shimoni, mmoja nyuma, mimi mbele, na moshi hatuuoni, ingawa mapovu ya bomba yalikuwa machache mno. Kijana aliyekwenda kuchukua simu yake kwenye kiti cha nyuma ndiye aliyesema, "Mwalimu, huku ndani kunanuka mafuta ya mtoto." Tuliinua kiti. Chini yake kuna kile kisahani kinachofunika pampu ya petroli, na uzi wa moshi ulikuwa unapanda taratibu kutoka pembeni mwa ringi ya kufungia. Mtu alibadilisha pampu, mpira wa zamani ukawa umevimba na kukataa kurudi kwenye njia yake, akaamua kupaka silikoni ya gasketi kuzunguka. Silikoni ya kawaida na petroli haviishi pamoja. Ilikuwa imekuwa laini kama jibini, inatoka vipande. Mpira mpya, ringi ikasafishwa na kukazwa, na bomba la maji likaanza kutoa mapovu kama inavyopaswa. Mwenye gari akakumbuka kwamba watoto walikuwa wakilalamika harufu wakienda shule, naye alikuwa anapachika manukato kwenye kioo.

Tangu hapo naanza na swali hili pia: pampu ya petroli imewahi kubadilishwa? Nchini kwetu jibu huwa ni ndiyo.

Kipimo cha mgandamizo cha tanki nacho kinaweza kudanganya, ingawa si mara nyingi kama wanaouza spea wanavyodai. Kukijaribu ni rahisi: fungua kifuniko, tanki liwe sawa na hewa ya nje, tazama skana. Isiposoma karibu na sifuri, basi chunguza kipimo na waya zake kabla ya kuhangaika na mipira.

Sehemu inayowachosha wateja ni baada ya matengenezo. Ukifuta kodi taa inazima, lakini umefuta pia kumbukumbu ya vipimo, na kwa magari mengi taa haiwaki mpaka kosa lionekane safari mbili mfululizo. Kwa hiyo taa iliyozima jioni ya leo haijathibitisha kitu. Gari linahitaji kujipima lenyewe, nalo lina masharti: kwa kawaida tanki liwe kati ya asilimia 15 na 85, na gari liwe limelala mpaka injini ipoe kabisa. Mteja anayetembea siku zote taa ya mafuta imewaka, na hao ni wengi, gari lake halijipimi. Siku akijaza kwa safari ya Krismasi mpaka mdomoni, halijipimi pia. Yakishashuka kufika katikati, linajipima, taa inawaka akiwa barabarani, ananipigia simu kwa hasira kwamba kazi yangu haikudumu.

Magari ya Toyota ya soko la Marekani yana njia yao ambayo imewahi kuleta maneno. Yanajipima yakiwa yamezimwa. Saa tano baada ya kuzima ufunguo kompyuta inaamka, inawasha pampu ndogo iliyo kwenye kanista, inavuta hewa na kulinganisha na kitundu chake cha kipimo. Maji ya injini yakiwa bado juu ya nyuzi 35 inasubiri hadi saa saba, kisha saa tisa na nusu. Askari wa shirika moja alikataa kukaa karibu na gari la aina hiyo, anasema linanguruma nyuma peke yake saa nane usiku, na hakuna mtu ndani. Dereva alikuwa akilipaki saa tatu usiku. Ukihesabu, hakukuwa na jini.

Yule askari alinifaa sana. Tulikuwa tumebadilisha mpira uliotafunwa na panya juu ya tanki, nikamwachia dereva petroli nusu tanki na maagizo asiliguse gari mpaka asubuhi, kisha nikamwomba askari aniambie kama limenguruma. "Limenguruma, fundi, tena muda mrefu kuliko siku zile." Asubuhi nilichomeka skana kabla ya mtu kuwasha injini. Kipimo cha evapu kilikuwa kimekamilika, hakuna kodi, hata ile inayosubiri safari ya pili kabla ya kuwasha taa.